Saa za Jua na Saa za Maji: Safari ya Familia kutoka Dodoma hadi Jambiani

Jumapili, Dodoma

Likizo ya shule ya Juni ilipokaribia tuliamua kuwapeleka watoto Unguja, kwenye kijiji cha pwani cha Jambiani, na kwa kuwa wasafiri wetu walikuwa na mahitaji tofauti ya afya, maandalizi yalianza na daftari kabla ya mabegi. Mama mkwe wangu ana kisukari na huchoma insulini mara mbili kwa siku. Binti wa wifi yangu, mwenye umri wa miaka 13, ana ualbino. Mwanangu wa miaka 7 hajui kuogelea na wala haogopi maji, hali ambayo kwangu ni mbaya kuliko kuyaogopa. Kitindamimba ana miaka 2, umri ambao kila kinachookotwa huishia mdomoni. Mimi na mume wangu tu ndio tuliobaki bila masharti.

Nilipoandika mambo yanayoweza kumdhuru kila mmoja wetu, niliona kwamba karibu yote yana saa zake. Jua huchoma zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mbu aenezaye malaria huuma usiku, ilhali yule wa homa ya dengi huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi. Bahari hupwa na kujaa kwa saa zinazofahamika. Insulini ina saa yake, na chakula kinachofuata sindano nacho kina saa yake. Barabara ya usiku si barabara ya mchana. Kwa hiyo ratiba yetu haikuanza na orodha ya sehemu za kutembelea. Ilianza na saa, kisha sehemu zikapangwa kuzifuata.

Sanduku la dawa lilikuwa dogo kuliko ndugu walivyotarajia. Ndani yake kulikuwa na pakiti za ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki, parasetamoli ya watoto na ya wakubwa, kipimajoto, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, kibano, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, na vidonge vya kutibu maji. Sikubeba antibiotiki za kukisia, ingawa jirani yangu alinihimiza kwa nia njema, wala dawa za kufunga tumbo, ambazo hazifai kwa watoto. Mtu anayesafiri na antibiotiki za akiba huishia kuzitumia, na akishazitumia huficha dalili ambazo daktari angehitaji kuziona.

Insulini ndiyo iliyochukua fikra nyingi. Chupa iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30 hivi. Kinachoiharibu upesi ni jua la moja kwa moja na kuganda. Tulichukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, tukaipoza na kuikausha, tukaweka kipande cha barafu kikiwa ndani ya mfuko wake chini kabisa, juu yake taulo ndogo iliyokunjwa, na juu ya taulo ndipo ikakaa insulini. Akiba nyingine iliingia kwenye mkoba wangu kwa namna hiyo hiyo, ili mkoba mmoja ukipotea mgonjwa asibaki mikono mitupu. Orodha ya dawa zake zote pamoja na vipimo vyake ilipigwa picha kwenye simu mbili.

Jumatatu, Dodoma hadi Dar es Salaam

Tulichagua treni ya umeme ya SGR inayosafiri mchana. Safari kati ya Dodoma na Dar es Salaam kwa treni hiyo huchukua takriban saa nne, choo kiko karibu, mtu anaweza kusimama na kunyoosha miguu, na muda wa kufika unakadirika vizuri kiasi cha kupanga mlo wa mgonjwa wa kisukari. Kwa basi, hasa pale foleni inapoanza kabla ya kuingia jijini, hesabu hiyo huvurugika.

Mama mkwe ana kanuni moja ambayo hakuruhusu mtu aivunje: hachomi sindano mpaka chakula kiwe mbele ya macho yake. Mume wangu alipomwambia, "Mama, choma tu, chakula kinakuja," alimjibu kwamba chakula kinachokuja hakijawahi kumshibisha mtu. Tena ana haki. Insulini ikiingia mwilini na chakula kikachelewa, sukari hushuka, na dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, ukali usio wa kawaida na kuchanganyikiwa. Hata binti wa miaka 13 alifundishwa cha kufanya: kumpa bibi yake vijiko vitatu au vinne vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au juisi ya kawaida isiyokuwa ya kupunguza sukari, kusubiri dakika 15, kupima tena, kisha kumpa chakula. Akiwa hawezi kumeza au amepoteza fahamu, asipewe chochote kinywani. Apelekwe hospitali mara moja.

Usiku tulilala kwa ndugu jijini. Dar es Salaam imewahi kukumbwa na milipuko ya homa ya dengi, ikiwemo ya mwaka 2014 na ya 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama karibu na nyumba: ndoo, sahani za vyungu vya maua, matairi, vifuu vya nazi. Chandarua cha usiku hakimzuii mbu huyo peke yake, kwa sababu yeye hufanya kazi mchana. Kwa hiyo watoto walipakwa dawa ya kufukuza mbu tangu alasiri, nikiipaka kwanza kwenye viganja vyangu kisha kwenye ngozi yao, nikiepuka macho, mdomo na vidole vya yule mdogo anayevinyonya. Usiku walilala ndani ya chandarua chenye dawa, kilichochomekwa chini ya godoro pande zote.

Jumanne, Dar es Salaam hadi Jambiani

Juni ni msimu wa upepo wa kusi, na mkondo wa Zanzibar huwa na mawimbi. Tulikata tiketi za boti ya asubuhi, tukakaa sehemu ya chini, karibu na katikati kuelekea nyuma, mahali ambapo boti hurushwa kidogo kuliko mbele. Kifungua kinywa kilikuwa mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Dawa ya kuzuia kulevywa na bahari walitumia wakubwa tu, kwa ushauri wa mfamasia na kabla ya kupanda, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hazitakiwi kabisa kwa mtoto mdogo. Watoto tuliwakataza simu na vitabu, tukawaelekeza watazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Mvulana alitapika mara moja, akaomba biskuti, akaendelea kuhesabu majahazi.

Kabla boti haijaondoka tulifanya jambo ambalo abiria wengi hulipuuza: tulimwomba mhudumu atuonyeshe yalipo majaketi okozi ya watoto, maana jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiwa majini. Kila mmoja wetu alijua mlango ulio karibu naye, na tulikubaliana nani ana jukumu la mtoto yupi. Kwa Watanzania haya si mambo ya kinadharia. Tumezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Spice Islander iliyozama usiku wa Septemba 2011 ikielekea Pemba, na katika ajali zote mbili chombo kilikuwa kimebeba watu kuliko uwezo wake. Msafiri mwenye familia ana haki ya kushuka akiona chombo kimejaa kupita kiasi, na nauli iliyopotea isimzuie.

Gari lililotupokea lilikuwa Noah. Mikanda ya viti vya mbele ilikuwepo, lakini ya nyuma haikuonekana. Dereva alisema haipo. Nilipoinua kitambaa cha kiti niliiona imelala chini yake, mizima kabisa, ikiwa na vumbi la tangu gari liliposhushwa bandarini. Alicheka, akatusaidia kuitoa yote. Kitindamimba alifungwa kwenye kiti chake cha mtoto tulichokibeba kutoka nyumbani, mzigo ambao ulituchosha njiani kote lakini sijutii hata hatua moja ya kuubeba, kwa sababu mtoto aliyepakatwa hupokonywa mikononi na nguvu ya mgongano hata na mama mwenye nguvu. Tulimwomba dereva aende polepole, na kabla ya kushuka tulichukua namba yake kwa ajili ya dharura za usiku.

Nyumba tuliyoipanga Jambiani niliikagua kabla ya mabegi kufunguliwa. Nilitazama kisima kina mfuniko wa aina gani, madirisha yenye nondo yana njia ya kutokea moto ukizuka, jiko la gesi limewekwa wapi, na kama kuna mtu anayewasha jiko la mkaa ndani usiku. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Bafuni kulikuwa na ndoo kubwa iliyojaa maji, kama ilivyo katika nyumba nyingi za pwani. Niliifunika na kuweka kitu kizito juu yake, kwa sababu mtoto wa miaka 2 akiinama kichwa kikatangulia hawezi kujitoa, hata kama maji ni ya kina cha kiganja.

Jumatano, Jambiani

Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo tulifika wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hupwa na kujaa kuliko kawaida, na hapo ndipo daftari la saa lilipoonyesha faida yake. Katika pwani ya Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa kabisa karibu na saa kumi jioni, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hufikia karibu mita 4. Maana yake ni kwamba asubuhi bahari ya Jambiani huondoka, ikaacha uwanja mpana wa mchanga, majani na madimbwi hadi karibu na mwamba wa matumbawe, na mgeni anayeuona anadhani ametengewa yeye mahali pa kutembea.

Wanawake wanaolima mwani walikuwa wanarudi na viroba vyao. Mama mmoja wa makamo alisimama kuitikia shikamoo za watoto, akamtazama mume wangu aliyekuwa anawaongoza mbali zaidi, akaniuliza tunarudi saa ngapi. Nilimwambia tunataka kufika mwambani.

"Mwambani si mbali," alisema, "lakini maji hayaji mbele yako tu, mwanangu. Yanapita kwenye vijito, yanakuzunguka kwa nyuma. Wewe unatazama mbele, kumbe huko ulikotoka kumeshajaa."

Maelezo yake yanaafikiana na jinsi maji yanavyojaa. Katika muda wa takriban saa sita za kujaa, saa ya kwanza maji hupanda kidogo tu, na ndiyo inayomdanganya mtu. Saa ya tatu na ya nne pekee hupandisha karibu nusu ya kina chote. Vijito vya chini kati ya mwamba na ufuo hujaa kwanza, hivyo mtu aliyesimama juu ya mchanga ulioinuka hujikuta kwenye kisiwa. Tuliweka sharti la kugeuka kabla maji hayajaanza kurudi, si baada ya kuyaona, na tukaishia nusu ya njia.

Kila mmoja alivaa viatu vya kufunga miguu. Kwa mama mkwe hili halikuwa na mjadala, kwa kuwa mgonjwa wa kisukari wa muda mrefu anaweza kukatwa na kombe asihisi maumivu, na kidonda kidogo mguuni kikawa sababu ya kulazwa. Kila jioni binti alikaa na bibi yake barazani, akakagua nyayo na katikati ya vidole kwa tochi ya simu, akazikausha vizuri. Mume wangu alivua viatu kwa dakika chache ili apige picha, akakanyaga mmoja wa wale wanyama weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye majani ya baharini. Tulitoa kwa kibano miiba iliyojitokeza, tukamwingiza mguu kwenye beseni la maji ya moto kiasi cha kuvumilika, mimi nikiyapima kwanza kwa kiwiko, kwa karibu saa nzima. Joto hupunguza maumivu ya sumu. Mwenye nyumba alileta utomvu wa papai, dawa ya wenyeji kwa miiba iliyozama. Mguu wa mume wangu ulikuwa umeshatulia, tukamshukuru mwenye nyumba.

Binti alitoka asubuhi kabla ya saa tatu na alasiri baada ya saa kumi, na kati ya saa hizo alibaki barazani na vitabu vyake, jambo alilolipokea kwa utulivu kuliko mimi. Alivaa mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana pande zote na miwani ya jua, akapaka mafuta ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Mafuta ya kukinga jua hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili, na mara tu mtu anapotoka majini. Mwavuli peke yake hautoshi ufukoni, kwa kuwa mchanga mweupe na maji hurudisha mionzi kutoka chini, na mawingu ya kusi hupunguza joto bila kuondoa mionzi hiyo. Sisi wengine wenye ngozi nyeusi tulipaka pia. Mabega ya mvulana wangu yaliwahi kubabuka kwa jua la Dodoma lisilo na bahari.

Kuogelea tukakuweka saa kumi jioni, wakati jua limelegea na maji yamejaa. Lakini maji yaliyojaa wakati wa bamvua ni yale yale yaliyokuwa magotini saa mbili kabla, kwa hiyo zamu ya ulinzi ilikuwa rasmi. Aliyekuwa zamu alivaa kofia nyekundu ya mume wangu. Mwenye kofia hashiki simu, hasomi, hapiki, hazungumzi na wageni, na haivui mpaka mwingine aivae. Mtu anayezama aghalabu hapigi kelele wala hapungi mikono, kwa kuwa mdomo uko majini na mikono inasukuma maji chini ili apumue. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kitindamimba hakuachwa zaidi ya urefu wa mkono. Mvulana alivaa jaketi okozi lililobana, tulilolijaribu kwa kulivuta juu mabegani: likipita kidevu, ni kubwa mno. Maboya ya kujaza upepo yenye sura za bata tuliyaacha nchi kavu. Upepo wa kusi huyasukuma haraka kuliko mtu anavyoogelea.

Alhamisi, Jambiani

Kabla ya alfajiri mvulana aliamka na tumbo la kuhara. Kufikia saa mbili asubuhi alikuwa ameenda chooni mara tano, bila damu wala homa kali. Safari ya jahazi iliyopangwa siku hiyo iliahirishwa bila kikao.

Pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita 1 ya maji safi, na hapa pana mtego mdogo: chupa kubwa inayouzwa madukani ni ya lita 1.5. Ukimimina pakiti humo, mchanganyiko unakuwa hafifu. Ukikadiria kwa macho, unaweza kuwa na chumvi kupita kiasi. Nilitumia chupa mbili za nusu lita, nikazimimina zote kwenye jagi lililooshwa, nikakoroga pakiti nzima, nikaandika saa kwenye karatasi na kuibandika, kwa sababu mchanganyiko ukifikisha saa 24 humwagwa. Pakiti zikiisha, lita 1 ya maji salama yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi hutumika, vijiko vikiwa vimesawazishwa juu.

"Mama, ni kama machozi," alisema alipoonja. Akanywa hata hivyo, kwa kijiko mwanzoni, kisha kwa kikombe kidogo kila baada ya kuharisha. Alipotapika tulisubiri dakika 10, tukaanza upya polepole zaidi. Zinki alipewa miligramu 20 kwa siku, na humezwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma mapema. Wazazi wengi huacha siku ya tatu. Chakula hakikukatwa. Alikula uji na ndizi, baadaye wali na samaki wa kuchemsha.

Wakati huo tulikuwa tumeshaandika mambo ambayo yangetupeleka Hospitali ya Makunduchi bila kusubiri: damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, kukosa mkojo kwa saa nyingi, ngozi ya tumbo inayorudi taratibu ikifinywa, kutapika kila anachokunywa, usingizi mzito usio wa kawaida. Dereva wa Noah alijulishwa asubuhi hiyo hiyo kwamba huenda tukamhitaji. Namba 112 ya dharura, 114 ya zimamoto na uokoaji, na 116 ya huduma ya simu kwa watoto zilikuwa zimeandikwa kwenye mlango wa jokofu kwa herufi ambazo mama mkwe anazisoma bila miwani.

Nahodha wa jahazi alikuja kutupa pole na kurudisha kiasi cha malipo. Mazungumzo yakaangukia chakula cha baharini, akatukumbusha habari ya kisiwa cha Panza, Pemba, ambako Machi 2024 watu 9, wanane kati yao wakiwa watoto, walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na nyama yake haitofautiani na iliyo salama kwa ladha wala kwa harufu. Kumvua kasa ni kosa kisheria pia, lakini mzazi aliyealikwa kwenye sinia la wageni atakuwa anawaza watoto kabla ya sheria. Kufikia magharibi mvulana alikuwa amekojoa vizuri na anadai jahazi lake.

Ijumaa, Jozani

Siku fupi. Tulikwenda msituni asubuhi na mwongozaji, tukawaona kima punju kwa umbali alioutaka yeye, bila kuwalisha na bila kitu cha kuliwa mikononi mwa watoto. Mnyama yeyote akimng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda kinaonekana si kitu. Mvulana alikuwa na chupa yake ya ORS shingoni.

Jumamosi, Mji Mkongwe

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vizuri kwa kutembea na vibaya kwa kumtafuta mtoto. Kabla ya kutoka niliwapiga picha mvulana na kitindamimba wakiwa wamesimama, nguo na viatu vikionekana, ili nisianze kukumbuka rangi ya fulana wakati moyo unakwenda mbio. Namba zetu za simu ziliandikwa kwenye kikaratasi mfukoni. Jina la mtoto halikuandikwa nje ya nguo, kwa sababu mtoto humwamini upesi anayemwita kwa jina. Mvulana alielekezwa kwamba akipotea asimame palepale, na kama lazima aombe msaada, amwendee mama mwenye watoto au muuza duka aliye dukani kwake. Tulilijaribu zoezi hilo kwenye kona moja, akaniita kwa sauti iliyoleta wauza duka wawili.

Binamu ya mume wangu anayeishi Muscat alitukuta mjini na watoto wake. Kwa wageni kutoka nje sheria ni tofauti: tangu Oktoba 2024 wageni wasio Watanzania wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ya dola 44 kwa mtu mzima. Nilifurahi kusikia kwamba yeye na watoto walikuwa wanameza dawa za kukinga malaria. Ndugu wengi wa Ughaibuni huzipuuza wakidhani mtu aliyezaliwa Afrika ana kinga ya kudumu. Kinga hiyo hupungua mtu akikaa miaka mingi mbali, na watoto waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo.

Forodhani tulikula jioni, na kanuni ilikuwa moto. Mishkaki ilitoka jikoni mbele yetu, chipsi zilitoka kwenye mafuta, urojo ulikuwa unafuka. Tuliviacha vilivyokwisha kuiva vikisubiri mnunuzi, saladi iliyokatwa mapema, na barafu isiyojulikana maji yake, ikiwemo ya juisi ya miwa ambayo mume wangu aliitazama kwa huzuni. Mikono ilioshwa kwa sabuni. Kitakasa mikono hakiondoi mafuta ya samaki wala mchanga.

Jumapili, kurudi, na siku zilizofuata

Tulirudi kwa boti ya asubuhi na treni ya mchana ili kufika Dodoma kabla watu hawajachoka kiasi cha kusahau sindano. Insulini ya akiba ilirudi ikiwa baridi, haijaguswa.

Safari ya kiafya haiishii mlangoni, kwa kuwa malaria huchukua angalau siku 7 tangu mtu aumwe na mbu, na kwa kawaida wiki moja hadi mbili au zaidi, kabla ya kujitokeza. Kitindamimba alipopata homa wiki ya pili baada ya kurudi, sikumpa dawa ya malaria ya kubahatisha. Nilimpeleka zahanati siku hiyo hiyo, nikaanza kwa kusema tumesafiri. Mganga alitaka kujua tulilala wapi kila usiku, akaandika Dar es Salaam juu ya Unguja, kwa sababu Zanzibar maambukizi yamebaki chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi na sehemu kubwa ya wagonjwa wa huko hutokea bara. Kipimo cha haraka cha damu kilitoka hasi. Alitazama koo, kisha sikio la kushoto, lililokuwa jekundu ndani, akaandika dawa, akatuambia tumrudishe Ijumaa kama homa itakuwa haijashuka, na apimwe malaria upya siku hiyo.